Kavuo na Vidudu vya Kubadili Sura

Kavuo, mshonaji wa mtaa wa Kimemi, hamwamini mtu, na hilo ni bora lijulikane mwanzo kabisa. Ukimpelekea kitenge atakipima mbele yako, na ukija kukichukua atakipima tena, usije ukasema amekuibia kipande. Hata kanisani akifumba macho kuomba, jicho moja linabaki kwenye mkoba wake.

Basi binti yake Hadassa, wa miaka minne, alipoanza kuharisha damu, Kavuo hakutafuta ugonjwa, alitafuta mtu. Akampata upesi: Jokébed, mke wa kaka yake, aliyekaa naye parsele moja, ua mmoja, ndiye aliyempa mtoto uji wiki ile. Sumu hiyo, akajiambia. Jokébed akaapa, akalia, lakini wapi. Tangu siku hiyo hakuna aliyegusa chakula cha Hadassa ila mama yake. Alipika mwenyewe, akamega fufu, ugali wa muhogo, kwa vidole vyake, akamtia mtoto mdomoni. Wiki tatu zikapita hivyo, na mtoto akazidi kunyauka, nguo ya Pasaka ikawa inamteleza mabegani.

Majirani wakamsukuma aende kituo kimoja cha afya huko Mususa. Laborantin, mpimaji wa maabara, alikuwa Ilunga, mtu wa Katanga aliyeletwa na serikali. Kavuo watu wa labo anawajua, au anadhani anawajua: miaka ile ya Ebola, si maneno yalijaa mji mzima kwamba wanaandika ugonjwa kwanza, mgonjwa wanamtafuta baadaye? Akaamua kumtega. Alipopewa kikopo alete choo cha mtoto, akaweka choo chake mwenyewe. Yeye ni mzima, anakula, anashona kutwa. Donc, basi, huyo bwana akiona ugonjwa humo, uongo wake umejianika.

Ilunga akatazama kwenye mikroskopi, akaandika: amibe, kidudu cha kuharisha damu. Ukingoni mwa karatasi akachora kiduara chenye nukta nne ndani. Kavuo akaikunja karatasi kwa furaha ya mtu aliyekamata mwizi, na dawa akaikataa. Siku mbili alizunguka nayo akiwaonyesha wateja, na siku mbili hizo Hadassa aliendelea kutoka damu. Hapo, kusema kweli, alistahili kofi.

Siku ya tatu mtoto alishindwa kusimama. Kavuo akambeba mpaka labo, akamtaka Ilunga apime palepale, mbele ya macho yake. Choo cha Hadassa kikapimwa kikiwa bado na joto, kisha mama akaitwa aangalie mwenyewe. Akainama. Kitu kisicho na umbo kilikuwa kinatoa mguu, kinauvuta, kinatoa mwingine, na ndani yake mna chembe nyekundu za damu.

“Ile ya juzi ulichora mviringo,” akasema. “Leo iko na miguu. Nani anadanganya, weye ao kidudu?”

Ilunga hakukasirika. Akamweleza kwamba vidudu havikupewa sura kwa mapambo. Viko vya fimbo, vya mpira, vya kujisokota kama skrubu, kila kimoja kufuatana na pahali kinapoishi na namna kinavyokula. Cha kujisokota kinajipenyeza kwenye ute mzito. Chembamba kinapata chakula kwa ngozi yake, kila upande. Amibe yeye anabadilika. Ndani ya tumbo chakula kiko tele, ananyoosha miguu anakitafuta. Lakini nje kuna jua na ukavu, kwa hiyo kabla ya kutoka anajikunja duara, anavaa koti gumu, na kwa koti hilo anasafiri mpaka mdomo wa mtu mwingine. Kavuo, mwanamke wa kushona makoti, alielewa haraka kuliko alivyotaka.

“Mama Hadassa,” Ilunga akasema polepole, “mutu mwenye kuharisha damu, mara mingi tunaonaka hii ya miguu. Ile mviringo tunaionaka sana kwa mutu muzima, mwenye kuibeba bila kujua. Ile choo ya juzi ilikuwa ya nani?”

Kavuo aliangalia vidole vyake. Maji ya parsele ni ya kubeba kutoka mbali, na yeye akitoka chooni alivipangusa tu kwenye kitenge.

Alichukua dawa mbili, ya mtoto na yake. Alipofika parsele hakuingia kwake. Alisimama mlangoni kwa Jokébed, Hadassa mgongoni.

“Mutoto hajakula,” akasema. “Mupe weye. Na mukono yako.”

Jokébed akachukua sabuni, akanawa, akampokea mtoto.