Ndege Nene ya Panda

Juzi, saluni hapa Likasi, binti mmoja alifungua kichupa cha dawa ya kuondolea rangi ya kucha, nami nikainama nikijifanya natafuta kandambili. Harufu ile ni ya gundi ya filamu. Kila ikinifikia uso unaniwaka, na leo nawaambieni sababu, maana nimechoka kuificha.

Baba yangu alionyesha sinema katika ukumbi wa wafanyakazi kule mtaa wa Panda, kila Jumapili baada ya misa. Aliipenda kazi ile kuliko chakula. Filamu zilitufikia zimechakaa, basi asubuhi aliunganisha palipokatika kwa gundi, mwenyewe akiiita kole, nami, binti wa miaka tisa mwenye mdomo usiotulia, nilikaa juu ya ndoo nikimtazama.

Picha za upana zilitaka kioo maalumu mbele ya mashine. Baba alikiita lineti, yaani miwani, kwa sababu bila hicho watu huonekana wamebanwa, wembamba na warefu. Chetu kilikuwa kimepasuka. Kwa hiyo Jumapili ile, kwenye filamu ya marubani, mashujaa wote walikuwa wamekonda kama miwa, na ukumbi ukacheka kwa mazoea.

Kisha ndege ya injini nne ikapaa, nyembamba vilevile. Ilipofika mawinguni ikawa na injini mbili, tena yenyewe haikukonda hata kidogo. Ikatua na nne. Watu wakapiga miluzi. Taa zilipowashwa, msimamizi wa ukumbi alimwita baba mbele ya wote, akamuuliza kama amechanganya filamu mbili.

“Hapana, patron,” baba alisema. “Ile ndeke ilitoka mule mwenyewe mu filme.”

Hapo nikasimama juu ya benchi. “Papa alibandika! Minye nilimuona na kole!”

Ukumbi mzima ukaangua kicheko, nami nikavimba kichwa. Ilhali nilijua vizuri kwamba mezani asubuhi ile palikuwa na mkebe mmoja tu wa filamu, ya pili ya kubandika haikuwapo. Nilitaka watu wanitazame, basi. Msimamizi akanyoosha mkono, baba akampa ufunguo wa kibanda cha mashine. Tulirudi nyumbani amenishika mkono, hakunigombeza. Kesho yake walimpeleka kiwandani kubeba magunia, na hakukanyaga tena ukumbini.

Mwaka huu filamu ile ile ilitokea kwenye televisheni ya dada yangu, picha ikiwa na upana wake wote. Marubani walikuwa na miili ya kawaida. Ndege ya injini mbili tu ndiyo ilikuwa nene, kama imekaliwa. Nikaelewa: watengenezaji wenyewe waliazima kipande cha filamu ya zamani, isiyo ya upana, wakakiunga bila kukibana kama picha nyingine, ndiyo maana kwa lineti kinanenepa. Bila lineti, ndicho pekee kilichoonekana sawa.

Nilikwenda mbio kwa baba. Siku hizi macho yake hayaoni vizuri. Nikamweleza yote, nikihema, nikidhani namletea zawadi.

Alinisikiliza mpaka mwisho. “Ya ndeke, minye nilijua tangu siku ile,” akasema. “Na weye ulijua mukebe ulikuwa moya.”

Nilimpelekea habari ya ndege, kumbe miaka yote hiyo mzee alikuwa akingojea habari ya mkebe.