Denise Akohoa Mbele ya Dokta

Kizazi cha Denise kilianza kushuka alipozaa mtoto wa mwisho, kule Fataki. Hakumwambia mtu. Vita ilipomtoa kwake alikuja Bunia, akapata kazi ya kubeba samaki waliotoka ziwani Tchomia hadi sokoni, beseni kichwani kutwa nzima, na kizazi kikazidi kutoka hadi kuketi kukawa shida. Wifi yake, Aimée, alipogundua, akampeleka hospitali.

Dokta Nadège alimlaza kwenye meza ya kupimia, akampima polepole.

"Mukojo inatokaka yenyewe?"

"Hapana, dokta. Hata kidogo."

Dokta akakisukuma kizazi ndani kwa vidole, akakishikilia. "Sasa kohoa."

Denise akakohoa. Mkojo ukamwagika mezani. Akaziba uso kwa kitenge.

"Usisikie haya, mama. Kizazi ilikuwa inakunja njia ya mukojo. Tukiirudisha, njia inafunguka."

Akaeleza kwamba angeweza kumpasua na kurudisha kizazi tu, kisha wangoje, maana wengine hawavuji, na anayevuja hupasuliwa tena baadaye. Au siku hiyohiyo aweke utepe mdogo wa kushikilia njia ya mkojo. Kuvuja kungepungua, lakini pengine utepe hubana mno, mkojo ukakataa kutoka.

"Angoje," Aimée akasema haraka. "Kisu kidogo ndiyo muzuri."

"Hata mimi ningengoja," dokta akasema. "Lakini mwili ni ya Denise."

Denise akaketi, akajifunga kitenge vizuri. "Nimeisha kukimbia mara mbili. Vita ikirudi, dokta nitamupata wapi? Munifanyie yote."

"Na mukojo ikikataa?"

"Ikatae leo, weye ukiwa hapa."

Nadège akaitikia kwa kichwa.

Baada ya upasuaji, ikawa kama dokta alivyoonya. Mpira aliowekewa wa kupitisha mkojo ulipotolewa, tumbo lilijaa na tone halikutoka. Ukarudishwa. Aimée akalia kwamba wamekosea. Denise alitembea barazani ameshika mfuko wake wa mkojo, akinywa maji kama alivyoagizwa. Walijaribu tena, wakashindwa tena.

Mpira ulipotolewa mara nyingine, alijifungia chooni. Aimée alisimama mlangoni akisikiliza.

"Inatoka!" Denise akapiga kelele, wodi nzima ikasikia.

Dokta alimkataza mizigo mizito. Sasa anauza samaki ameketi, beseni anabebewa. Wanawake wakimuuliza sababu, anawaambia alichofanyiwa, na wapi.