Waliovunja Mashine ya Kusokota

Miaka ile ya wakimbizi, mama yangu alikuwa fundi cherehani barazani kwetu Buzebazeba. Chumba cha uani alimpangisha mwanamke aliyevuka ziwa kutoka Kongo na watoto watatu na kichwa cha cherehani, basi. Kichwa chenyewe alikiweka juu ya boksi la sabuni, akikizungusha kwa mkono. Lakini mabega ya magauni aliyoshona! Yalipanda juu yakasimama yenyewe. Idd ilipokaribia, wateja wa mama walimpita barazani na vitenge kwapani, wakiingia uani.

"Yaya, mi niko natafuta chakula ya batoto tu," mpangaji alimwambia mama, akimwita dada kwa Kiswahili cha kwao.

"Riziki mafungu saba, mdogo wangu," mama alijibu, tena akacheka. Nikaamini.

Kabla ya sikukuu likaja lori la kuwarudisha kambini wakimbizi waliokuwa wakiishi mtaani bila kibali. Lilizipita nyumba mbili zenye wageni, likasimama mlangoni kwetu. Sikuelewa. Mbona wale hawakuguswa? Mpangaji alipakiwa na wanawe, na mama alilia kwa sauti, kilio cha kweli kabisa.

Juma lile nilikuwa na mtihani wa historia. Nilizoea kumsomea mama akishona, nikimtafsiria kile Kiingereza, maana somo lilinikaa nikishamweleza yeye. Siku hiyo nilimweleza habari za Mwingereza mmoja aliyebuni mashine ya kusokota nyuzi nyingi kwa mpigo. Majirani zake, waliosokota uzi mmoja mmoja, waliona watakosa kazi. Wakaivamia nyumba yake, wakavunja mashine, mwenyewe akahama mji.

Mguu wa mama ukasimama kwenye pedali.

"Unanisema?"

"Nani, mama?"

"Sikuzaa mtoto wa kunipiga vijembe. Kama una neno, liseme."

Nikamwonyesha kitabu, hata picha ya mashine. Hakujua Kiingereza, angejuaje kwamba sikutunga? Nilimwogopa, nikamwonea huruma, nikamkasirikia, na mpaka leo sijui kipi kilitangulia.

"Balozi wa nyumba kumi anatakiwa kujua wageni," alisema, macho kwenye sindano. "Nilimwambia nina mgeni, basi. Sikumwambia alete lori."

Na mimi nilikuwa sijamuuliza kitu.