Bibi Alitufungia Mlango

Usiku ule niliusubiri usingizi kwa hamu kuliko nilivyoisubiri Krismasi yenyewe. Nilikuwa nimetoka zamu mbili mfululizo wodini, Dar es Salaam. Mume wangu, Elia, alirudi kutoka bandarini macho mekundu. Saa kumi alfajiri tulipaswa kuwa barabarani na watoto wetu wawili, Neema na Baraka, kwenda Moshi kwa wazazi wangu.

Bibi yangu mzaa baba ndiye aliyeuweka utaratibu ule: mkesha wa Krismasi, kabla jua halijazama, kila mjukuu awe amefika kihambani, kwenye migomba ya ukoo, mbuzi achinjwe, watu wale pamoja. Bibi alikuwa amefariki miaka mitatu nyuma, lakini hakuna aliyethubutu kuugusa utaratibu wake. Asiyefika alisemwa mwaka mzima.

"Utaweza kuendesha?" nilimuuliza Elia.

"Nitakunywa kahawa."

Nikalala na nguo niliyoshinda nayo.

Nikajiona ndani ya gari. Barabara ilikuwa ileile inayopita kwenye mashamba ya mkonge, ila haikuwa na gari jingine, na mikonge ilisimama kimya pande zote mbili. Namwita Elia, haitikii. Namtazama. Mikono iko kwenye usukani, macho ameyafumba. Gari linakwenda.

Mara hakuna gari. Tumesimama kihambani, ukungu umetufika magotini. Nyumba ya bibi ipo, ile ya zamani, kama ilivyokuwa kabla baba hajaibomoa. Bibi yuko mlangoni, amejifunga kitenge cha kijani tulichomzika nacho.

"Shikamoo, bibi."

Haitikii. Anamtazama Elia, ananitazama mimi, anawatazama watoto mmoja mmoja. Nyuma yake watu wamekaa kwenye benchi refu, sahani mapajani, na hakuna anayekula. Babu yupo. Shangazi Ruti, aliyefariki nikiwa shuleni, yupo. Binamu yangu Daudi naye yupo, yule aliyekufa ajalini njiani akiiwahi sikukuu. Amenikazia macho, anatikisa kichwa polepole. Pembeni yake wameacha nafasi nne.

Mkono wa Neema umeniponyoka. Anaelekea mlangoni, Baraka anamfuata, wanakwenda kukaa. Napiga kelele, sauti haitoki.

Bibi ananyoosha mkono, anawazuia kizingitini.

"Mmewahi mno," anasema.

Hapo sauti ikanirudia. "Bibi, si wewe uliyetaka tuwahi?"

Ukungu unapanda mpaka viunoni.

"Ile siku niliitaja kwa upweke, mjukuu wangu. Sasa upweke sina. Mwambie mama yako awapokee siku yoyote mtakayofika."

Akawasukuma watoto kwangu kwa nguvu ambazo hakuwa nazo uzeeni, akafunga mlango. Nikasikia komeo likiingia.

Nikazinduka. Elia alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, kiatu kimoja mguuni, amelala palepale alipokaa. Kengele ya kumwamsha ilikuwa ikilia kwenye simu mkononi mwake, wala haisikii.

Nikaichukua nikaizima. Akashtuka.

"Baba Neema, hatuendi."

"Mama atasema nini? Watu watasema nini?"

"Lala kwanza."

Alijaribu kubisha, lakini kabla sijamvua kile kiatu alikuwa amerudi usingizini. Mimi sikuweza. Nilikaa sebuleni, na kulipopambazuka nikampigia mama. Nilimweleza yote.

"Alivaa kitenge kipi?" akauliza.

"Cha kijani."

Akashusha pumzi. "Mwanangu, nimeamka saa tisa kumenya ndizi za watu thelathini. Mgongo haunyooki. Kila mwaka nawaogopa nyinyi. Najua mkikuta sufuria tupu mtasema bibi alipoondoka, nyumba ikafa."

"Mama, na sisi tulikuwa tunakuogopa wewe."

"Basi njooni mkishapumzika. Hata ikiwa Februari. Mkinikuta na uji, tutakunywa uji. Wapigie na wenzako. Waambie bibi amesema. Nikisema mimi, wataniita mvivu."

Nikaanza na kaka yangu Amani, anayeishi Dodoma na mkewe na watoto watatu. Simu iliita mpaka nikakata tamaa, ndipo akapokea. Sauti yake ilikuwa nzito ya usingizi, na nyuma yake injini ilikuwa ikinguruma.

"Kaka, zima gari kwanza," nikamwambia. "Nina ujumbe wako kutoka kwa bibi."