Msamaha Mmoja kwa Nyumba Nzima

Asubuhi ile Doyle Stancil alivaa tai kwenda kuvua samaki. Mkewe, Verlene, alimwangalia akipakia mishipi kwenye gari, akajiuliza ni samaki gani hao wa kuvaliwa tai. Siku nyingine angemuuliza mpaka mzee wa watu akimbie, maana Verlene kazaliwa na maswali. Hata msibani lazima ajue nani kapika nini. Siku hiyo alinyamaza. Yeye mwenyewe alikuwa ameaga kwamba anakwenda kusukwa nywele, na kumbe anakwenda mahakamani.

Kisa kilikuwa karanga. Verlene ana pikapu kuukuu, na pembeni mwa barabara anauzia humo karanga za kuchemsha, zile laini za chumvi ambazo watu wa Carolina Kaskazini hula garini na kutupa maganda dirishani. Jumapili moja, akitoka kanisani peke yake, akakumbuka kwamba ameacha sufuria motoni. Alikanyaga mafuta mpaka pikapu ikatetemeka, na polisi akamdaka akiwa kwenye maili sabini na nane, mahali pa hamsini na tano. Sufuria iliungua vilevile.

Faini haikumtisha. Kilichomtisha ni bima. Kosa likishaandikwa kwenye kumbukumbu za serikali, watu wa bima wanalisoma, na mama wa bima alimwambia waziwazi: "Bi. Verlene, kwa kosa kama hili bei inapaa. Itabidi gari moja liuzwe." Gari lipi, kila mtu anajua. Nani auze gari zima aache pikapu ya karanga?

Dawa ilikuwa moja. Kwao huko unaweza kukiri kosa na kumwomba hakimu aiache hukumu bila kuitamka. Hakimu akikubali, bima nayo inafumba macho. Lakini msamaha wenyewe ni mmoja kwa nyumba nzima, kwa miaka mitatu. Wa pili bima haiutambui.

Wa kwao ulikuwepo, mzima kabisa. Doyle aliendesha basi la shule tangu ujana mpaka alipostaafu, na hajawahi kupata hata karipio. Hilo analisema kila sikukuu, bata mzinga akiwa mezani, mpaka wakwe wanachoka. Kwa hiyo Verlene alikaa benchi la nyuma kabisa, kofia usoni, akisubiri jina lake.

"Stancil," akaita mwendesha mashtaka.

Verlene akanyanyuka.

"Stancil, Doyle."

Akakaa kama aliyevutwa sketi. Kule mbele, mwanamume mwenye tai alisimama. Uso ulimwaka Verlene kwa hasira, kisha hasira ikapisha hamu ya kujua. Doyle? Doyle huyu anayesimama kupisha kobe? Akasogea ukingoni mwa benchi asikie. Maili sitini na sita, mahali pa hamsini na tano.

"Naomba msamaha, Mheshimiwa," Doyle akasema.

Hakimu, mama mmoja mwenye miwani puani, akauliza, "Kuna mtu nyumbani kwako ameshaupata karibuni?"

"Hakuna. Tuko wawili tu, na mke wangu hana doa. Anaendesha taratibu mpaka nasinzia."

Verlene alitamani benchi limmeze. Na hapohapo pikapu yake akaiona inaondoka.

"Umepewa," hakimu akasema.

"Stancil, Verlene."

Doyle alikuwa ameshafika katikati ya ukumbi. Aligeuka, akamwona mkewe anakuja na kofia yake ya kanisani bila kumwangalia. Kosa likasomwa. Aliposikia sabini na nane, Doyle alipiga mluzi mdogo bila kukusudia, na watu wakacheka.

"Bi. Stancil," hakimu akasema, "unajua kwamba kwa bima wa pili haufai kitu?"

"Najua, Mheshimiwa. Kaniwahi."

"Mheshimiwa," Doyle akaita kutoka nyuma. "Naomba kurudisha wangu."

"Ukirudisha, kosa lako linaandikwa."

"Liandikwe. La kwake ndilo zito."

Verlene akakumbuka majigambo yake ya kila sikukuu. Machozi yakamlengalenga. Hakimu alivua miwani, akawatazama wote wawili, akauhamishia msamaha kwa Verlene.

Nje, Verlene aliwasha pikapu na Doyle akapanda pembeni yake. Gari lake na mishipi vingefuatwa baadaye. Bima ingepanda, ila kwa kiasi cha kubanabana tu. Pikapu ilibaki.

"Hebu niambie," Verlene akaanza.

"Nilijua tu."

"Ulikuwa unakimbilia wapi?"

Doyle alilegeza tai. "Popote. Barabara ilikuwa tupu. Miaka yote ile na watoto wa watu mgongoni, sijawahi kukanyaga mafuta. Nikataka kujua ikoje."

Mtu huyu alimtania maisha yao yote kwa kutaka kujua mambo. Verlene alimtazama kama mgeni aliyeingia garini sasa hivi.

"Na ikoje?"

"Tamu," Doyle akasema.

Verlene akacheka mpaka akaegesha pembeni.