Makopa Kwenye Lami ya Nanyamba

Siku hizi vijana wa mjini wakisikia injini zinalia barabara ya Nanyamba hudhani mashindano ya magari yameota yenyewe kama majani. Hayakuota. Niliyaanzisha mimi. Kabla sijarudi, sikumjua mtu hata mmoja Mtwara aliyewahi kukimbiza gari la viti viwili dhidi ya saa, kwa ruhusa ya polisi, kofia ngumu kichwani. Mimi niliondoka kijijini na begi moja, nikakaa Durban miaka tisa, nikarudi na stashahada ya ufundi wa magari ambayo mpaka leo ipo ukutani kwangu, ndani ya kioo. Nayasema haya mapema ili mtu asidhani anasoma habari za mbahatishaji. Kazi nilikuwa naijua. Ndiyo maana niliogopa kiasi kile.

Gari langu nililikuta nyuma ya duka la familia moja ya Kihindi pale Mikindani, kuku wanatagia ndani yake. Fupi, jekundu, halina paa. Nililifufua kwa mikono yangu. Mwenye duka alipoliona linawaka, naye akatoa gari lake la milango miwili. Mwalimu mmoja wa sekondari akaleta gari lake la milango minne, na mnunuzi mmoja wa korosho akaja na la kwake. Tukawa wanne, na hiyo ndiyo ikawa klabu.

Utaratibu niliutunga mimi. Magari hayaondoki pamoja. Linaachiwa moja, dakika tano zikipita linafuata jingine, na saa ndiyo inayoamua. Kila dereva anakaa na mtu wa kumsomea njia kutoka kwenye daftari: kona ya kushoto, daraja, mteremko. Mimi nilimchagua binamu yangu, binti wa mjomba, karani wa mizani kwenye chama cha wakulima wa korosho. Hakuna anayesoma haraka kama yeye.

Ila binamu kwetu ni mtani, na huyu alikuwa mtani hasa. Tangu utotoni aliniita "mume wangu", mbele za watu, hata msibani. Kwenye mazoezi alikuwa akisoma kona tatu vizuri, ya nne anapiga kelele, "Mbuzi!" Nakanyaga breki mpaka shingo inauma. Hakuna mbuzi. Yeye anacheka mpaka daftari linamdondoka.

"Tukifunga mkanda, utani umeisha," nilimwambia.

"Na wewe ukifunga mkanda, maringo yameisha, mume wangu?"

Kabla ya siku yenyewe nilikwenda kumwomba mjomba ruhusa, maana kwetu mjomba ndiye mwenye kauli. Alilizunguka gari mara mbili.

"Halina paa."

"Lina mikanda, mjomba. Ya kisasa."

"Sikukuuliza mikanda. Unayemchukua, utamrudisha?"

"Nitamrudisha."

"Mzima?"

"Mzima, mjomba."

"Haya. Nimesikia."

Hilo "nimesikia" nilikwenda nalo mpaka kitandani. Sikulala vizuri siku mbili.

Tangazo la kufunga barabara nililichapa mwenyewe kwenye kompyuta, na nembo ya klabu juu. Niliandika kwamba barabara itafungwa kuanzia 10:00. Mwalimu alishauri niandike kwa maneno, saa nne asubuhi. Nikamjibu, "Mwalimu, huu ni mchezo wa kimataifa." Karatasi zikapelekwa kwa wenyeviti wa vijiji.

Siku ilipofika, mwalimu aliipita barabara yote saa mbili asubuhi akaikuta tupu. Saa nne kasoro kidogo askari wakafunga ncha zote mbili. Mimi niliondoka wa kwanza, kama ilivyostahili.

Watu hudhani dereva mzuri haogopi. Mimi niliogopa kabla sijatia gia ya pili. Upepo ulipiga machoni, mikorosho ikapita pembeni kama ukuta mmoja, na kila usukani ulipotetemeka nilimwona mjomba akilizunguka gari. Binamu alisoma vizuri. Kushoto. Daraja. Kulia, kali. Tukatoka kwenye kona, mbele ikaja lami iliyonyooka, nikakanyaga mafuta mpaka mwisho.

"Makopa mbele, mume wangu!"

Nikacheka moyoni. Nikajisemea, leo kaacha mbuzi. Sikupunguza.

"Kaka!" Sauti haikuwa yake. "Kaka, makopa! Kaka!"

Maisha yake yote hakuwahi kuniita kaka. Mguu wangu ulielewa kabla ya kichwa. Nikakanyaga breki, na hapo ndipo nilipoona weupe. Vipande vya muhogo vimeanikwa upande wote wa kushoto, na katikati yake bibi mmoja amekaa kwenye mkeka, ametupa mgongo, anavigeuza kimoja kimoja. Nilivuta usukani kulia. Matairi ya nyuma yalipanda makopa, yakateleza kana kwamba nimepita juu ya gololi. Gari likazunguka. Niliona mkorosho, bibi, anga, mkorosho tena. Kisha kimya, na vumbi la unga.

Tulikuwa tumesimama majanini, pua ya gari inatazama tulikotoka. Bibi alikuwa palepale kwenye mkeka, hatua chache kutoka alama za matairi. Binamu alikuwa amefumba macho, daftari kifuani. Nikashindwa kumuuliza kama ni mzima. Niliogopa jibu.

Akafumbua macho. "Wa pili," alisema. "Wa pili anakuja."

Zilibaki dakika chache. Alijifungua mkanda, akafungua mtandio wake mwekundu shingoni, akakimbia kurudi nyuma kuelekea kwenye kona, akiupunga. Mimi nilibaki bado nimeshika usukani. Kwenye stashahada yangu hakuna somo la bibi barabarani. Niliruka nje, nikakimbia hadi kwake, nikamshika mkono.

"Bibi, ondoka barabarani! Gari linakuja!"

"Nyie si mmesema saa kumi?"

"Nani kasema saa kumi?"

"Mwenyekiti katusomea karatasi yenu. Saa kumi barabara inafungwa. Sasa hii saa kumi?" Akaonyesha jua, ambalo hata halijafika utosini. "Huko ulikotoka hamsomi jua?"

Nilimbeba na mkeka wake. Nilipomtua chini ya mkorosho nikasikia breki upande wa kona, mlio mrefu. Nikangoja kishindo. Hakikuja. Kilichokuja ni binamu, anatembea, mtandio mkononi, na nyuma yake gari la mwenye duka likijikokota polepole; msomaji wake wa njia alibaki kwenye kona kuwazuia wengine.

Binamu nilimrudisha kwao mchana uleule, nguo nyeupe kwa unga.

"Mzima?" mjomba aliniuliza.

"Mzima, mjomba."

"Muulize na habari za saa, baba," binamu alisema, akaingia ndani.

Nikaeleza yote, na kosa nikalitaja kuwa langu. Mjomba hakunigombeza. Ila binamu aliendelea kuniita kaka. Nikimsalimia, "Salama, kaka." Nikimtania, "Sawa, kaka." Wiki kwa wiki. Hofu ya siku ile ilipungua, hii ya kuitwa kaka ikawa inakua.

Tangazo la mashindano ya pili nililiandika kwa mkono, SAA NNE ASUBUHI, nikapita nyumba kwa nyumba kulisoma mwenyewe. Yule bibi alitaka nilisome mara mbili. Asubuhi yenyewe binamu alikuja na daftari bila kuitwa, akafunga mkanda.

"Tayari?"

"Tayari, kaka."

Nikaondoka. Kushoto. Daraja. Kulia, kali. Tukafika kwenye lami ile iliyonyooka, tupu.

"Mbuzi, mume wangu!"

Nilikanyaga breki mpaka gari likasimama kabisa. Hakukuwa na mbuzi. Alicheka mpaka daftari likadondoka, na mimi nikakaa nimeshika usukani, nacheka naye, sekunde zinapita.

Siku ile nilimaliza wa nne kati ya wanne. Ndiyo mara pekee.