Nyumba ya Mtoto wa Katikati

Shemeji yangu mkubwa aliisoma barua ya benki kwa sauti siku ya Krismasi, mbele ya ukoo mzima, mbuzi akiwa bado anachunwa. Barua ilikuwa ya mume wangu. Ilipitia sanduku la posta la shemeji kule Kilema, maana siku hizo sanduku moja lilihudumia nusu ya ukoo, na yeye kila bahasha aliifungua. Ilisema tumekosa kulipa miezi mitatu ya mkopo wa nyumba yetu ya Moshi mjini, na tusipolipa, benki itaiuza. Alipomaliza akaikunja vizuri, akampa mume wangu, akasema, "Mtoto wa katikati ni mpangaji popote aendapo."

Watu wakacheka. Mume wangu naye akacheka, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Kwetu mlimani kihamba, yaani shamba la migomba na kahawa ambamo ukoo huzika watu wake, kina utaratibu wake. Mzaliwa wa kwanza hukatiwa chake, wa mwisho hubaki na cha wazazi, wa katikati hupewa baraka na kuonyeshwa njia. Mume wangu alikuwa wa katikati. Alishuka mjini, akapata ukarani kwenye ghala la kahawa, tukakopa na kujenga vyumba vitatu vya matofali kwa deni la miaka kumi na mitano. Hatukuwa na mahali pengine pa kuita kwetu. Miezi ile mitatu tuliyokosa kulipa, alikuwa amelazwa hospitali ya Mawenzi akisumbuliwa na mapafu. Shemeji alijua. Alikuja kumwona, akala machungwa ya mgonjwa.

Tukiteremka mlima siku ile niliapa mambo mawili. La kwanza, deni lile tutalimaliza kabla ya muda wake. La pili, yule mtu atakuja kuchekwa kama tulivyochekwa sisi. Ningependa kusema nilifanya yote kwa ajili ya watoto, lakini ningekuwa naongopa.

Mshahara wa mume wangu ulilipa benki kila mwezi. Akiba ilikuwa kazi yangu. Nilishona sare za shule kwa cherehani. Jumamosi niliuza mbege, pombe yetu ya ndizi, uani, kwa ruhusa ya mjumbe wa nyumba kumi, aliyekuwa akija kuikagua ruhusa yake kwa kunywa kata baada ya kata. Nyama tuliionja sikukuu. Shati la mume wangu kola ikichakaa niliigeuza ndani nje, akaenda nalo kazini mwaka mwingine. Mwaka sukari ilipoadimika watu wakapanga foleni tangu alfajiri, mimi nilishukuru, maana nilipata sababu ya kuwanyima watoto bila kueleza.

Ndizi za mbege zilitoka kwa mama mkwe. Mlimani kahawa ni ya wanaume, ndizi ni za wanawake, na yeye hakumwomba mtu ruhusa. Kila wiki mikungu miwili ilishuka vichwani mwa akina mama waliokuja sokoni, na pesa yangu aliikataa.

"Pika tu, mwanangu," alikuwa akisema. "Hiyo nyumba nataka kuiona imekwisha."

Migomba yake ilineemeka kwa samadi ya ng'ombe mmoja, aliyefungwa mlemle ndani ya nyumba yake kwa desturi ya huko. Alimkatia majani kila siku, akamkamua, akasema naye kuliko alivyosema na watu. Lakini mifugo yote baba mkwe alikuwa ameiacha mikononi mwa mwanawe wa kwanza, kwa hiyo kwa sheria ya ukoo yule ng'ombe alikuwa wa shemeji.

Mwaka wa tano kitabu changu cha akiba cha posta kilikuwa kinakaribia kulingana na deni. Hapo nikamwambia mume wangu tusilipe benki miezi mitatu, tuongeze ile pesa kwenye akiba, tumalize lote kwa mkupuo. Alikubali. Ambacho sikumwambia ni kwamba nilikuwa naitaka ile barua ya vitisho. Niliitaka iandikwe, ipande Kilema, ifunguliwe na vidole vilevile.

Iliandikwa. Safari hii shemeji hakuisoma mbele ya watu wala hakutuletea. Aliiweka mfukoni. Nikajua amemeza ndoano.

Nilikwenda benki na pesa yote kwenye kikapu, juu nimeweka mchicha. Karani alihesabu, akanitazama.

"Mama, mlikuwa bado na miaka mingi."

"Ndiyo maana nimekuja leo."

Akasema barua ya kumaliza deni itatumwa kwa posta pamoja na maelezo ya kuchukua hati. Nikamwambia sina haraka, nitasubiri hapahapa. Nilikaa kwenye benchi tangu asubuhi mpaka walipochoka kuniona, wakapiga chapa, wakagonga mhuri, wakanipa na hati yenyewe. Mume wangu alilia alipoiona. Nikamwomba asimwambie mtu yeyote wa mlimani. Akauliza kwa nini, nikamjibu angoje.

Pasaka mama mkwe akaja kutusalimu. Nikampa shikamoo, nikamkarimu kwa chai. Akanieleza kwamba watu wa Tarakea wamekuja kumwangalia ng'ombe. Mwanawe anataka kumuuza, anasema ana shughuli kubwa mjini, na shughuli yenyewe hataki kuitaja.

"Wewe hujasikia chochote, mae?" akaniuliza, akiniita mama kwa lugha ya kwetu.

Niliielewa shughuli ile palepale. Neno moja lingetosha kumwokoa ng'ombe. Nikamwongezea chai, nikasema sijasikia.

Baada ya wiki mbili shemeji akaja, suti imepigwa pasi, kikapu chenye pesa ya ng'ombe mkononi. Hakuketi. Alipima sebule kwa hatua, ukuta hadi ukuta, akagonga mlango kusikiliza mbao. Akanieleza kwa upole kwamba benki ikiuza, ni heri nyumba ibaki kwenye ukoo, na kwamba anaweza kutuachia chumba cha uani kwa kodi ndogo. Nikamshukuru. Nikamwambia awahi, benki hufunga mapema.

Akitoka tu nilivaa kitenge changu kimoja kizuri, nikamfuata. Nilisimama mlangoni mwa benki nikasikia karani akimwambia, mbele ya foleni nzima yenye watu watatu wa Kilema wanaomfahamu, kwamba nyumba ile haina deni, ililipwa yote, na aliyelipa ni yule mama pale. Shemeji akageuka. Nilimpungia mkono. Kufikia Jumapili mlima wote ulikuwa unacheka, na nimeambiwa aliacha kwenda kilabuni mpaka mvua zilipokwisha.

Nilifurahi. Nilifurahi kwa mwili mzima.

Mama mkwe alikuja wiki iliyofuata. Hakuingia sebuleni, alikaa jikoni kwenye kigoda. Akaomba kuiona hati, ingawa kusoma hakujua, akapitisha kidole kwenye mhuri.

"Nimefurahi mna kwenu," akasema. Kisha akauliza, "Siku ile nilipokueleza habari za ng'ombe, deni lilikuwa limekwisha?"

"Lilikuwa limekwisha, mama."

"Na ukaniongezea chai."

Nikamwambia nitamnunulia ndama, akiba nitaianza upya kesho yake. Akatikisa kichwa, akajifunga khanga yake vizuri, akasema yeye na mikono yake wamechoka kukata majani ya ng'ombe wa ugomvi wa watu. Nilimsindikiza mpaka stendi. Njia nzima hakuniita mwanangu.